Mtunza stoo wa Kasulu na profaili yake ya LinkedIn: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa Kasulu aliyetunza stoo ya chakula na vifaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa zaidi ya miaka sita. Mwaka 2025 mkataba wake ulisitishwa. Alituma maombi ya kazi kwa miezi bila kujibiwa, na mwishowe akapata kazi kupitia mtu waliyekuwa wameonana mara chache tu. Ameridhia nikieleze, ila nisitaje jina lake wala la shirika alilofanyia kazi. Kambini walimwita Mama Stoo, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Nakieleza kwa kirefu kwa sababu mkoani Kigoma wapo wengi walio katika hali yake, na ushauri mwingi unaozunguka kuhusu LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, umeandikwa kwa ajili ya mtu wa ofisini mjini. Unamwambia aweke picha nzuri, aandike maneno ya kuvutia, kisha asubiri waajiri wamwone. Nilichokiona katika kisa hiki ni tofauti. Kwa mtu wa huku kwetu, anayeihitaji zaidi profaili yako si mwajiri asiyekujua kabisa. Ni mtu anayekujua kiasi, aliye tayari kukutaja mbele ya mwajiri, na anayehitaji kitu cha kumtumia huyo mwajiri ili asibaki na maneno ya mdomo peke yake.

Hali ilivyokuwa

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokuwa wakikimbia vita, na mwaka 2015 wakaongezeka Warundi kwa wingi. Kambi ya watu zaidi ya laki moja inaendeshwa kama mji: kuna hospitali, shule, maji, magari, maghala. Vijana wengi wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wamejifunzia kazi za kitaalamu humo kambini, wala si katika viwanda ambavyo hatuna.

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mashirika yaliyotegemea fedha hizo yakaanza kupunguza watu. Mama Stoo alipewa barua, akakabidhi funguo na kadi za stoo za kuandikia mzigo unaoingia na unaotoka, akarudi nyumbani Kasulu mjini.

Jambo ambalo watu hawakuliona mapema ni kwamba siku ile hakupoteza mshahara tu. Laini ya simu ilikuwa ya ofisi, akairudisha ikiwa na namba zote. Barua pepe ya ofisi ilifungwa. Kundi la WhatsApp la kitengo chao likanyamaza, kila mtu akashika njia yake: msimamizi wake wa zamani alikuwa ameshahamia Juba, Sudan Kusini, wengine wamekwenda Dar es Salaam, wengine wamerudi makwao. Mkoa mzima unajua kwamba kazi hutafutwa kwa koneksheni, na koneksheni zake zote zilikuwa ndani ya simu ambayo si yake.

Mimi nasaidia watu kuandaa maombi ya kazi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Alipofika alikuwa na CV ya kurasa nne na profaili ya LinkedIn aliyofunguliwa kwenye semina zamani, akaiacha hapo hapo.

Tuliyoyakuta

Picha ilikuwa ya harusi, imekatwa vibaya, bega la msimamizi wa bibi harusi linaonekana pembeni. Mstari ulio chini ya jina ulisema yeye ni mfanyakazi wa misaada ya kibinadamu wa shirika fulani, shirika ambalo hakuwa nalo tena. Sehemu ya maelezo ilikuwa na sentensi tatu: mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na katika mazingira magumu. Upande wa ujuzi kulikuwa na kompyuta, mawasiliano, uongozi, kufanya kazi kwa ushirikiano. Mahali alipo paliandikwa Dar es Salaam.

Nilimuuliza kwa nini Dar es Salaam. Akasema, "Kaka, nani atamtafuta mtu wa Kigoma? Wakiona mwisho wa reli wanaruka."

Jibu lake lilinigusa, na nadhani linaeleza mengi kuliko ile picha. Hata hivyo lilikuwa linamuumiza. Anayetafuta watu LinkedIn huchuja kwa maneno na kwa mahali. Dar es Salaam angekuwa mmoja kati ya watunza stoo wengi mno, tena asiyekuwepo kweli; akiitwa kwenye usaili kesho asubuhi hawezi kufika. Kigoma ni kinyume chake. Mwajiri mwenye kazi Kasulu, Uvinza au Kibondo anapenda sana mtu ambaye hatamlipia nauli ya kuhama wala nyumba, anayeijua barabara wakati wa masika, anayeongea Kiha na kuelewana na Mrundi bila mkalimani. Na kazi zipo. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kazi ya namna hiyo haiendi bila maghala ya saruji, nondo, mafuta na vipuri. Tukarudisha Kigoma.

Lile lori

Sehemu ya maelezo ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Nilimwambia aache kuandika sifa, anisimulie siku moja ya kazi iliyokuwa ngumu. Kwanza alikataa, akisema hakuna cha kusimulia, stoo ni stoo: mzigo unaingia, mzigo unatoka. Kisha, akinywa chai, akasimulia ya lori la kunde.

Lori lilifika jioni, mvua inanyesha, makuli wamechoka. Hati ya mzigo ilikuwa tayari imejazwa idadi ya magunia. Wakapakua. Hesabu yake ikaja pungufu. Dereva akamwambia, "Mama, saini tu, usiku unaingia, hayo mengine wataongea wakubwa." Akakataa. Akaamuru rundo lipangwe upya kwa safu zenye idadi sawa, wakahesabu tena akiwepo dereva na mlinzi, upungufu ukabaki vile vile. Akaandika idadi halisi kwenye hati yenyewe, juu ya sahihi yake, dereva naye akasaini hapo hapo kabla hajawasha gari. Magunia yaliyokuwa yamelowa akayatenga, akayapima, na taarifa ya hasara ikaondoka siku ile ile.

Watu wa ghala wanajua uzito wa jambo hilo. Ukisaini idadi iliyo kwenye karatasi, upungufu umekuwa wako. Ukiandika upungufu kesho, dereva yuko Tabora na neno lako halina shahidi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mkaguzi akija miezi mitatu baadaye atakuta shimo kwenye kadi ya stoo na jina lako pembeni yake.

Nikamuuliza kama jambo hilo limo kwenye CV yake. Halikuwemo. Kulikuwa na "kupokea na kutoa bidhaa".

Tukaanza kuandika kutokea hapo. Profaili yenyewe ni ya Kiingereza, kwa sababu matangazo ya kazi za namna hii huandikwa kwa Kiingereza na anayetafuta hutafuta kwa maneno hayo hayo. Hapa naweka maana yake. Mstari wa juu una nafasi ya herufi 220, nasi tukaijaza kazi badala ya cheo: mtunza stoo na ugavi, ghala la chakula, vifaa vya kaya na vipuri, upokeaji wa mizigo, kuhesabu stoo, taarifa za hasara, Kigoma, Kiswahili, Kiha, Kirundi, Kiingereza. Jina la shirika likaondoka pale juu, likabaki kwenye historia ya kazi panapostahili.

Sehemu ya maelezo inaruhusu herufi 2,600, lakini kwenye simu mtu huona mistari michache ya kwanza tu mpaka aguse kuona zaidi. Kwa hiyo mistari hiyo ikabeba mzigo wote: "Kwa zaidi ya miaka sita nimetunza stoo ya chakula na vifaa katika kambi inayohudumia watu zaidi ya laki moja. Kila mzigo niliopokea ulihesabiwa mbele ya dereva, na tofauti yoyote iliandikwa kwenye hati kabla gari halijaondoka. Bidhaa inayokaribia kuisha muda ilitoka kwanza." Chini yake zikafuata aina za bidhaa, mifumo ya kompyuta aliyoitumia, idadi ya vibarua aliowasimamia, na lugha.

Alitaka kuandika tani zote alizopokea mwaka mmoja mmoja. Daftari lake lina kila kitu. Tukaacha. Takwimu za ndani ni za mwajiri, na mtunza stoo anayemwaga takwimu za mwajiri wa jana anamwonyesha mwajiri wa kesho atakavyofanyiwa. Ukubwa wa kambi ni jambo linalotangazwa hadharani, ukatosha kuonyesha ukubwa wa kazi.

Tulikataa pia picha moja aliyoipenda sana ya kuweka juu ya profaili, yeye akiwa mbele ya foleni ya mgao. Nyuma yake kulikuwa na sura za wanawake na watoto waliokimbia vita, hakuna aliyeombwa ruhusa. Sikubaliani kabisa na watu wanaotumia sura za wakimbizi kujitafutia kazi, hata kama nia ni njema. Tukapiga nyingine kwenye ghala la mfanyabiashara wa Kasulu anayefahamiana naye: magunia yamepangwa juu ya chaga, yametengwa na ukuta mita moja ili mtu apite akague, yeye amesimama na ubao wa kuandikia. Picha ya uso ikapigwa nje, kivulini, kwa simu, mbele ya ukuta mweupe.

Ujuzi: tukafuta "uongozi" na "mawasiliano", tukaweka yale mwajiri wa ghala anayoyatafuta. Elimu na vyeti havikuhitaji kazi kubwa.

Kuomba ushuhuda

LinkedIn ina sehemu ambayo mtu mliyeunganishwa naye anaweza kukuandikia ushuhuda wa kazi, nawe ukausoma kwanza kabla ya kuuonyesha. Yake ilikuwa tupu. Hapa tulivutana.

"Nitamwambiaje bosi aniandikie sifa? Si ni kujipigia debe huko?" Akaongeza ule msemo wetu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nimelelewa na msemo huo, nami nauheshimu. Lakini dagaa wa Kibirizi wanajiuza kwa sababu wanunuzi wapo ufukweni alfajiri wanawaona. Wale waliouona uzuri wa kazi ya Mama Stoo walikuwa wameshatawanyika, na kambini hakubaki wa kuusimulia. Kumwomba aliyekuona aseme alichokiona si kujisifu. Ni kuomba shahidi, kama alivyomwita mlinzi asimame wakati wa kuhesabu magunia. Nilipolisema hivyo alikubali.

Tukaorodhesha watu waliowahi kuiona kazi yake, bila kujali vyeo: msimamizi, mwenzake wa manunuzi, afisa magari wa kampuni ya usafirishaji, muuguzi aliyekuwa akichukua vyandarua na sabuni kwake, na mkaguzi wa stoo aliyekuwa akija kutoka nje ya mkoa mara moja moja. Tukawatafuta mmoja mmoja kwa jina, kwa kuwa namba hazikuwepo. Faida moja ya LinkedIn ambayo watu wa huku hawaizungumzii ni hiyo: mtu akibadili kazi, nchi au laini ya simu, pale bado utampata.

Ujumbe wa kwanza aliouandika kwa msimamizi ulikuwa, kwa ufupi, shikamoo bosi, mkataba wangu umeisha, naomba unisaidie kazi yoyote. Ujumbe kama huo mtu anausoma, anasikitika, hajui afanye nini, anaahirisha kujibu, siku zinapita, kisha anaona aibu kujibu. Tukauandika upya. Ulianza na salamu zilizokamilika, kumuuliza hali na familia, maana kwa mtu uliyefanya naye kazi miaka huwezi kuingia na shida mlangoni. Halafu ukamkumbusha jambo moja, siku ile ya lori la kunde. Kisha ukaomba jambo moja: kama analikumbuka, aandike sentensi mbili tatu za alichokiona yeye mwenyewe. Ukamalizia kwa kumwambia kuwa asipopata nafasi si neno.

Yule muuguzi aliandika siku ya pili. Mkaguzi aliandika wiki hiyo hiyo, maneno machache makavu kama walivyo wakaguzi: kwamba katika ziara zake kadi za stoo za mama huyu zililingana na mzigo uliokuwepo chini, na palipokuwa na tofauti, hati yake ilikuwepo. Msimamizi wa Juba hajajibu mpaka leo.

Yaliyokwama

Kuna kitufe cha kuonyesha kwamba unatafuta kazi. Unaweza kukiweka waone waajiri tu, au waone watu wote, ndipo picha yako inazungushiwa utepe wa kijani. Mama Stoo aliweka wote waone. Hakuwa na mwajiri wa kumficha, kwa hiyo halikuwa jambo baya. Lakini wa kwanza kuja walikuwa matapeli. Mmoja alijifanya wa shirika la Umoja wa Mataifa, akamwambia amepita usaili ambao hakuufanya, atume pesa ya fomu na vipimo vya afya. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi mwombaji kazi pesa katika hatua yoyote, na hilo wanaliandika wenyewe kwenye matangazo yao. Akamzuia mtu huyo. Tukabadilisha ionekane kwa waajiri peke yao, usumbufu ukapungua. Tukahakikisha pia kwamba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na tarehe ya kuzaliwa havimo popote, maana CV aliyokuwa ameipandisha zamani ilikuwa na vyote viwili.

Aliandika pia chapisho refu lililotengenezwa na programu ya akili bandia, limejaa maneno makubwa kuhusu shauku na mabadiliko. Halikupata jibu hata moja. Baadaye akaandika lake, fupi, jinsi ya kupanga magunia masika ili ya chini yasioze. Watunza stoo wa Kibondo na wa mikoa mingine wakaja kuuliza maswali, mmoja akambishia kuhusu dawa za wadudu, wakajadiliana vizuri. Halikumletea kazi moja kwa moja. Lakini mtu akifungua profaili yake leo anakuta mazungumzo ya mtu anayeijua kazi.

Kwa ajira za serikali LinkedIn haikumsaidia chochote. Kule ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, vyeti na usaili, na aliendelea kuomba huko sambamba.

Kazi ilivyopatikana

Mkaguzi yule hakuishia kwenye ushuhuda. Miezi miwili mitatu baadaye mtu anayefahamiana naye alimuuliza kama anajua mtunza stoo anayeaminika aliye tayari kuishi upande wa Uvinza, kwenye ghala la mkandarasi mdogo wa ujenzi. Akatuma kiungo cha profaili. Hakuandika barua ndefu. Nilionyeshwa ujumbe, ulisema tu kwamba huyu yupo Kigoma, soma mwenyewe, hiyo sentensi ya lori ni ya kweli. Mama Stoo akapigiwa simu, akaulizwa habari ya kuhesabu nondo badala ya magunia, akajibu kwamba atajifunza majina ya vipimo lakini hasaini asichokihesabu. Akapewa mkataba wa mwaka mmoja. Posho ni ndogo kuliko za kambini, nalo hilo nimeombwa niliseme.

Kwa nini mkaguzi, wala si msimamizi aliyekaa naye miaka? Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi humfikia mtu kupitia wale anaofahamiana nao kwa mbali kidogo. Walio karibu nawe wanazunguka humo humo unamozunguka, wanajua unayoyajua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia takwimu za LinkedIn yenyewe, za watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, ukapata jambo la karibu na hilo: waliosaidia zaidi watu kuhama kazi ni wa kati, wasio wa karibu sana na wasio wa mbali mno. Mkaguzi alikuwa hapo hasa. Wenzake wa karibu wa Mama Stoo walikuwa wamepunguzwa kazi siku zile zile alizopunguzwa yeye. Mkaguzi alizunguka mikoa na alikuwa bado anaingia kwenye ofisi za watu.

Lakini mtu wa kati ana udhaifu wake: anakujua nusu. Hawezi kumpigia mwajiri simu akakueleza kwa dakika kumi, kwa kuwa hana hizo dakika kumi za kumbukumbu. Anaweza kusema jambo moja tu kwa uhakika, kisha anahitaji mahali pa kumwelekeza mwajiri akasome mengine. Kiungo kile kingefungua ukurasa wenye picha ya harusi na maneno "mchapakazi, Dar es Salaam", sidhani kama angekituma. Angekuwa anaweka jina lake yeye rehani.

Siwezi kusema profaili ndiyo iliyompa kazi. Ghala la Uvinza lilihitaji mtu wakati huo, na hilo halikutoka kwetu. Ninachoweza kuonyesha ni njia ambayo jina lake lilipita, na kwamba katika njia hiyo hakuna hatua ambayo mwajiri mgeni alimkuta mwenyewe kwa kutafuta.

Sasa tunabishana naye kuhusu mstari wa juu. Anataka kuondoa chakula na kambi aweke saruji na nondo peke yake, ili aonekane mtu wa ujenzi. Mimi nimemwambia aweke vyote, kwa sababu mkataba ni wa mwaka mmoja na hatujui ghala litakalofuata ni la nani. Tumekubaliana kwanza aunganishwe na msimamizi wake mpya na madereva wanaomletea mzigo, sasa hivi wakiwa wanamwona kazini, tena kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe.